Usianze na A: Ushauri kwa Anayebuni Fonti Yake ya Kwanza

Ukikaa kubuni fonti yako ya kwanza, usianze na A ili uishie Z. Wengi huanza hivyo kwa sababu alfabeti inafanana na orodha ya kazi: unachora herufi moja, unaitia alama ya vema, unahamia nyingine. Mwishoni unazo herufi 26, kila moja inapendeza ikiwa peke yake, kisha unaandika nazo “wanawake wa Mwanza” na mstari mzima unayumba. Hakuna anayesoma herufi moja moja. Msomaji anasoma maneno, na maneno utakayomwandikia ni ya Kiswahili. Hapo ndipo pa kuanzia, na ndipo bango utakaloitambulishia fonti hiyo litakapopata picha yake.

Tazama maneno yetu yalivyojengwa. Karibu yote yanaishia na irabu, na irabu inayotamalaki ni a. Fungua ukurasa wowote wa gazeti utaiona imejaa kila mahali: wa, ya, kwa, na, za, la. Herufi k, w, m, n na i nazo hazipumziki, maana ndizo zinazobeba viambishi. Q na x hazimo katika tahajia yetu, na c haitembei bila h. Ukipanga kazi kwa kufuata matumizi, a ndiyo itakayokula muda wako mwingi. Si kwamba ni ngumu kuliko zote. Ni kwamba dosari ndogo ndani yake itarudiwa mamia ya mara katika ukurasa mmoja.

William Caslon alipotoa karatasi kubwa ya sampuli za herufi zake mjini London mwaka 1734, maandishi aliyoyachagua yalikuwa mwanzo wa hotuba ya Kilatini ya Cicero dhidi ya Catilina, na neno la kwanza la hotuba hiyo linaanza na Q. Wafua herufi wengine wakafuata mtindo huo, na mnunuzi aliyefungua sampuli zao akawa anapokewa na Q kubwa yenye mkia. Sampuli ina nguvu hiyo. Unachokiandika wakati unachora ndicho kinachoamua ni herufi gani itatunzwa na ipi itaachwa ijilee. Leo vijana wetu hujaribu herufi zao kwa ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha anayemruka mbwa, kwa sababu ina herufi zote za Kiingereza, kisha wanashangaa kwa nini fonti haikai vizuri kwenye tangazo la kikoba. Tunga sentensi yako. Mimi hutumia hii: “Jogoo wa Pemba kavuka daraja, fisi kazubaa, ng’ombe watatu wanacheka, paka yule amelala.” Imebeba kila herufi ya Kirumi tunayoitumia, ina ng’ yenye kibainishi chake, na a zimo kwa wingi kama zilivyo katika lugha yenyewe.

Herufi kubwa zina mitihani yao, nazo ndizo zinazotawala mabango na mbao za maduka. Andika WAVUVI, KWAYA, VYAMA, TAYARI. A, V, W na Y zina mbavu za mshazari, na Kiswahili hupenda kuziweka jirani. W na A zina mishazari inayolala upande mmoja, kwa hiyo unaweza kuzisogeza mpaka ziingiliane kidogo. V ikifuatwa na Y mambo ni mengine: zinagusana juu huku chini zikiacha pengo, na pengo hilo huwezi kuliziba kwa kusogeza, kwa kuwa zimekwisha kugusana. Dawa yake imo kwenye maumbo yenyewe. Ipunguze V upana, punguza na mikono ya Y. Halafu kuna LA, jozi tunayoiandika kutwa kucha. L iko wazi upande wa kulia, A inainama kuikimbia, katikati panabaki uwanja mtupu. Fupisha mguu wa L, mfupi kuliko unavyodhani inafaa, kisha andika LAKINI na MAHALA uone tofauti. Mbunifu aliyezoea kuandika lugha nyingine anaweza kuacha VYA iwe suala la mwisho kabisa. Kwako wewe iwe la siku ya kwanza.

Kwenye herufi ndogo kuna jambo ambalo huwa sioni likisemwa. Andika “wanaume”, “mwana”, “wao”. Hakuna herufi hata moja inayopanda juu wala kushuka chini, na neno linakuwa utepe wa kimo kimoja. Michomozo humsaidia msomaji kutofautisha herufi, kwa hiyo k, h, l, b, t na nukta ya i zinafanya kazi kubwa kwetu. Zipe mikono mirefu ya kutosha. Ipe k umbo lisilochanganywa na lingine. Na kwa kuwa m na w hukutana kila baada ya hatua mbili (mwa, mwe, mwi), tazama weusi wake: m ina nguzo tatu, w ina mishazari minne, zote katika nafasi finyu. Ukizichora kwa unene uleule wa n, mwanzo wa “mwanamwali” utaonekana umemwagikiwa wino. Zikonde kidogo, kiasi ambacho msomaji hatakiona lakini jicho lake litapumzika.

Usisahau kibainishi cha ng’. Katika ng’ambo, kung’aa na ng’oa, alama hiyo ni sehemu ya herufi, wala haifungi wala haifungui nukuu. Ichore yenye kichwa na mkia kama tarakimu 9 iliyojazwa, iweke karibu na g, na uhakikishe haiachi ufa unaolikata neno vipande viwili. Fonti nyingi tunazozipakua huacha ufa huo kwa kuwa aliyezichora hakuwa na haja ya kuandika ng’ombe.

Kabla ya kuchora, jihadhari na mtego wa “herufi za Kiafrika”. Umeziona kwenye majalada ya vitabu na vipeperushi vya safari za mbugani: nene, zimechongeka pembe, mara nyingine zimetiwa milia ya punda. Mojawapo maarufu, Neuland, ilichongwa na Rudolf Koch mwaka 1923 kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor huko Offenbach, Ujerumani. Koch aliichonga moja kwa moja kwenye chuma bila kuichora kwanza, ndiyo maana ina ukali ule wa patasi. Nyingine, Lithos, ni ya Carol Twombly wa kampuni ya Adobe, mwaka 1989, na asili yake ni maandishi ya Wagiriki wa kale kwenye mawe. Ni kazi nzuri zote mbili, na hakuna iliyotoka kwetu. Neuland hiyohiyo iliuza filamu ya Jurassic Park mwaka 1993. Mtu akikuambia fonti yako “haina Uafrika” kwa sababu haina mikuki na milia, usimsikilize. Ukitaka kuona uandishi uliozaliwa barani humu, kitafute kitabu cha Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, Afrikan Alphabets, kilichotoka mwaka 2004. Hakikupi herufi za kunakili. Kinakuonyesha mifumo mizima ya kuandika iliyobuniwa na Waafrika, kila mmoja ukiwa na mantiki yake.

Chanzo ninachokipendekeza kwa wa Pwani na bara pia ni jina la kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ndani ya mji, kwa chini, kuna kisanduku chenye jina. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa alianza kuchapisha majina kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo zipo kanga zenye maandishi “K.H.E. – Mali ya Abdulla”. Majina ya kwanza yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja za Kirumi. (Ukithubutu kuchora na za Kiarabu kwa ajili ya Kiswahili, fanya na mtu anayezisoma kwa ufasaha. Zinaungana, zinabadilika umbo kulingana na nafasi yake katika neno, na zinahitaji nyongeza za p, v na ch. Hiyo ni fonti nyingine kamili, kamwe usiione kama pambo la kuongezea mwishoni.)

Chukua kanga kadhaa za nyumbani, za mama, za shangazi, za jirani, uzitandaze na kupiga picha majina yake ukiwa umesimama juu yake sawasawa. Utaona herufi kubwa zisizo na vikia kwenye ncha za mistari yake, zenye unene unaokaribiana. Utaona pia jambo la thamani kwa mbunifu: kisanduku kina upana wake, majina yana urefu tofauti. Jina refu hubanwa, fupi hunyooshwa, na herufi zinakubali. Hapo una kanuni ya kujengea. Usinakili herufi za kanga yoyote kama zilivyo, hizo zina mchoraji wake. Chukua kanuni: kila herufi ijaze kisanduku chake. Kutokana na hiyo, O yako itakuwa karibu na mstatili wenye kona za mviringo, S itakuwa na mgongo ulionyooka, C na G zitafuata O. Kanuni moja inatosha fonti nzima. Ukiwa na tatu, utakuwa na fonti tatu zinazogombea jina moja.

Huenda moyo wako uko kwa mafundi wa mabango badala ya kanga, wale wanaoandika kwa brashi kwenye vibanda vya vinyozi, magenge na mikokoteni. Ninawaheshimu sana, na kazi yao inapungua kila mashine mpya ya kuchapa mabango ya plastiki inapoletwa mtaani. Ukitaka kujifunza kutoka kwa mmoja wao, nenda kakae naye. Muulize kwa nini anaanza mviringo upande wa kushoto, tazama brashi bapa inavyoacha ncha nyembamba anapoigeuza mkononi. Ukiona fonti yako inafuata mkono wake, mwombe ruhusa, mlipe, na uandike jina lake bangoni kama yeye mwenyewe anavyotaka liandikwe. Si hisani hiyo, ni haki yake ya kazi.

Sasa kaa na karatasi ya grafu na penseli. Chora kwanza H na O, maana moja itakupa unene wa nguzo na nyingine itakupa unene wa mviringo, na herufi nyingi zilizobaki zitaazima kwao. Kisha chora A, W, K, M, N, U, I. Ukifika hapo unaweza kuandika mamia ya maneno, na usisogee mpaka yameridhisha. Jicho lina udanganyifu wake ambao lazima uufuate. O iliyo na kimo sawa kabisa na H itaonekana fupi, kwa hiyo ivuke kidogo mstari wa juu na wa chini. Mlalo wenye unene sawa na nguzo utaonekana mnene zaidi, basi upunguze. Nusu ya juu ya S na ya B ikiwa sawa na ya chini, herufi itaonekana inaanguka mbele, basi ndogo iwe juu. Rula itakuambia umekosea. Amini jicho.

Kompyuta ije baadaye. FontForge ni programu ya bure na inatosha; Inkscape nayo ni ya bure, itakufaa kwa bango. Piga picha michoro yako, iweke chini, chora upya juu yake kwa nukta chache iwezekanavyo, na kwenye mikunjo weka nukta pale mkunjo unapofika mwisho wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia. Anayeweka nukta nyingi hupata mstari wenye matuta. Fonti kwa kawaida huchorwa kwenye mraba wa vipimo 1,000. Herufi kubwa ikipewa kimo cha 700, O inaweza kuvuka kwa 10 hadi 15 kila upande.

Nafasi kati ya herufi ni kazi sawa na kuchora, na wanaoipuuza huonekana upesi. Anza kwa HHOHHOOH, uirekebishe mpaka isionekane ina vipande, kisha nenda kwenye maneno. Jozi zinazokubali kusogezwa, kama LA, TA, YA, KW na AW, ziache mwisho na uzirekebishe moja moja. Ukijikuta unarekebisha jozi mia tano, rudi nyuma: tatizo liko kwenye herufi.

Bango ni mahali ambapo herufi hizi zinasimama mbele ya watu. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuweka alfabeti nzima katikati, jina la fonti juu, basi. Hilo ni jedwali. La pili ni kujaza picha nzuri za mashua na minazi zilizochukuliwa kwingine, herufi zikabaki zimejikunyata pembeni. Picha itoke kwenye herufi zenyewe. Nitakupa mfano unaoweza kuujaribu leo. Andika WAVU WA WAVUVI kwa fonti yako. Ni mtihani mkali, karibu kila jozi ina mshazari. Sasa chukua V, ipange mfululizo, chini yake weka safu ya V zilizopinduliwa, kisha safu nyingine, ncha zigusane. Macho ya wavu yanajitokeza yenyewe, yakiwa na unene uleule wa herufi, pembe zilezile. Unaweza kuuacha wavu huo ushuke kutoka kwenye neno lenyewe mpaka chini ya karatasi, na samaki mmoja akachorwa ndani yake kwa mikunjo ya O na S. Mtazamaji anaona wavu, anasoma wavu, anaanza kuzikagua V. Hiyo ndiyo kazi ya bango la fonti.

Panga kwa umbali. Kutoka upande wa pili wa chumba lisomeke neno moja tu. Kwa hatua mbili isomeke sentensi, ile ya jogoo wa Pemba au yako. Akifika karibu kabisa, akute herufi zote, tarakimu, na maelezo machache ya chanzo chake. Karatasi ya A2, milimita 420 kwa 594, inatosha hayo matatu bila kubanana. Kwa rangi, ningekushauri ujifunge: nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi za kisutu. Kanga ile imesimama kwenye harusi za Pwani miaka na miaka kwa rangi hizo tatu, na zinachapika vizuri hata kwenye mashine ya kawaida. Nyekundu iende kwenye wavu au kwenye neno, si kote kuwili. Na acha sehemu tupu. Wabunifu wengi wa kwetu huogopa weupe wa karatasi kama deni. Uache, ndio unaofanya weusi usomeke.

Chapisha bango kwanza kwa A3 steshenari iliyo jirani, ulibandike ukutani, uliache siku chache. Kila anayepita atasimama mahali fulani na kukunja uso mahali fulani. Mtoto anayejifunza kusoma na mzee aliyeacha miwani nyumbani ni wakaguzi bora kuliko mbunifu mwenzako. Ukiridhika, andaa faili ya PDF kwa mchapaji: geuza maandishi yawe michoro ili mashine yake isikubadilishie fonti, ongeza milimita 3 kila upande zitakazokatwa, tumia rangi nne za uchapaji badala ya zile za skrini, na maandishi madogo yawe ya wino mweusi pekee. Mwombe nakala moja ya majaribio kabla ya kazi nzima, na ukaitazame nje, kwenye mwanga wa jua.

Kwenye kona ya chini andika kwa herufi ndogo: aliyechora, mwaka, chanzo, na masharti ya matumizi. Kama unataka watu waitumie bure na kuiendeleza, ipo leseni ya SIL iliyotungwa mahsusi kwa fonti, inayoruhusu kutumia, kubadilisha na kusambaza, lakini hairuhusu mtu kuiuza fonti hiyo ikiwa peke yake. Kama unataka kuuza, sema hivyo wazi. Kuacha kimya ndiko kunakoleta ugomvi.

Halafu mpe faili mtu wa dukani, anayeandika bei kila siku. Usimweleze chochote. Ataandika unga, sukari, vocha, na kila mstari utaishia na tarakimu zikifuatwa na mkwaju na alama ya sawasawa: 2,500/=. Tarakimu zako pengine zina upana tofauti, moja ikiwa nyembamba kuliko nane, na safu ya bei haitasimama wima. Mkwaju utaizidi tarakimu kimo, na = itakaa chini mno au itaachana nao. Zipe tarakimu zote upana mmoja, inua = ilingane na katikati ya tarakimu, isogeze ikaribiane na mkwaju, na uiite fonti hiyo toleo la 1.1.